Barua za Dirishani: Tulivyosoma Juliasi Kaizari Nsambya

Kitabu chenyewe hakina jalada. Mwenzetu mmoja alikinunua mjini kwenye meza ya vitabu vikuukuu kwa shilingi elfu tano, akidhani ni historia ya Roma. Kumbe ni mchezo wa kuigiza: Juliasi Kaizari, tafsiri ya Mwalimu Julius Nyerere kutoka Shakespeare. Kikundi chetu cha kusoma hapa Nsambya kina watu kumi na wawili mvua isiponyesha, na watano ikinyesha. Tulikisoma kwa Jumamosi saba, kwa sauti, kila mtu na mhusika wake, kitabu kikipita mkono kwa mkono. Mimi nilipewa sehemu ya Brutus. Sikuiomba. Na tulipofika katikati nilitaka kuirudisha, kwa sababu nitakayoieleza mbele.

Kwa asiyekijua, kisa ni hiki. Kaizari amerudi vitani mshindi, watu wanamshangilia, na inasemekana anataka ufalme. Cassius anakusanya wenzake wamuue. Wanamhitaji Brutus, kwa sababu Brutus anajulikana kuwa mtu safi. Akiingia yeye, mauaji yataonekana kuwa kazi ya haki. Brutus ni rafiki ya Kaizari. Anakosa usingizi, anajiuliza, mwisho anakubali. Wanamuua. Brutus anahutubia watu, wanamshangilia. Kisha Antony anahutubia, na watu walewale wanakimbia kuchoma nyumba za akina Brutus. Vita vinafuata, na Brutus anajiua. Majina nayaandika kama wengi wanavyoyajua, ili tusisumbuane.

Niseme kwanza juu ya lugha. Nyerere alitoa tafsiri hii mwaka 1963, alipokuwa bado na miezi michache tu ya urais, akairekebisha mwaka 1969, mwaka uleule alipotoa Mabepari wa Venisi. Alitaka kuonyesha kwamba Kiswahili kinaweza kubeba mzigo mkubwa, na mimi nakubali kwamba aliweza. Lakini sisi wa Uvira, Bukavu na Goma kilitutoa jasho. Sisi tunasema "batu beko wengi", "kitabu yangu". Mwalimu anaandika kwa mizani ya washairi. Mzaha wa fundi viatu pale mwanzoni ulitupita kabisa, maana mzaha wa maneno ndio kitu kigumu zaidi kuhamisha kutoka lugha hadi lugha. Hotuba, hapana. Hotuba zilifika salama. Aliyesoma Antony, mama mmoja anayeuza sambusa Katwe, alipomaliza tulinyamaza wote, halafu mzee mmoja akasema: "Sasa nimejua kwetu waliponidanganyia."

Wasomaji wengi wa mchezo huu wanasema umati ndio mjinga wa hadithi. Asubuhi unampenda Brutus, mchana unamtafuta umuue. Na hata kwetu mjadala ulianzia hapo: watu ni kama upepo, kiongozi asiwasikilize, afuate dhamiri yake. Wafanyakazi wa mashirika wanaosoma jarida hili nao najua wana msemo wao wa namna hiyo, ingawa wao wanausema kwa adabu zaidi. Mimi nilikubali kwa Jumamosi mbili. Ya tatu nikakataa, na bado nakataa.

Tazama barua. Kabla Brutus hajakubali kuua, Cassius anaandika barua kadhaa kwa miandiko tofauti, kana kwamba zimetoka kwa raia mbalimbali, na kuagiza zitupwe kwenye dirisha la Brutus. Zote zinamwambia: wewe umelala, amka, Roma inakungoja. Brutus anazisoma usiku na kuamini amesikia sauti ya Roma nzima. Kumbe amesikia sauti ya mtu mmoja mwenye wivu. Hapo, kwangu mimi, ndipo mchezo unapovunjikia, mapema kabisa kabla ya kisu. Brutus anajiona anafuata dhamiri, na pia anajiona anatii watu. Dhamiri yake imelishwa maneno ya uongo, na hao "watu" hawakuulizwa.

Kwa hiyo swali tulilokuwa tunalizungusha, kiongozi afuate moyo wake au afuate watu, lina swali jingine chini yake. Hayo maoni ya watu ni mwandiko wa nani?

Sasa tazama hotuba. Brutus anasema maneno machache ya akili, anashangiliwa, halafu anaondoka! Anawaomba watu wabaki wamsikilize Antony, yeye mwenyewe anakwenda zake. Haulizi kama wameelewa, hangoji mtu ainue mkono. Mmoja katika umati anapiga kelele kwamba Brutus ndiye afanywe Kaizari, ishara kwamba hawajaelewa hata neno moja la sababu ya kumuua Kaizari, na Brutus hasimami kusahihisha. Umati wa watu walioachwa na maiti bila maelezo utamfuata atakayekaa nao. Antony alikaa. Alilia, aliwaonyesha majeraha, aliwasomea wasia: kila raia wa Roma ameachiwa drakma 75, pamoja na bustani za kupumzikia. Wakageuka. Ni ujinga? Wenzetu wa Nakivale na Kyaka wanajua ilivyo kuambiwa habari nzito na mtu ambaye gari lake halijazimwa injini.

Na tusimwonee Brutus peke yake. Katika sehemu inayofuata, Antony akiwa na washirika wake chumbani, wanaandika orodha ya wa kuuawa. Lepidus anakubali kaka yake aandikwe. Antony anakubali mtoto wa dada yake aandikwe. Kisha Antony anatuma uletwe ule wasia, waone jinsi ya kupunguza kilichoahidiwa. Ukurasa ni mfupi sana, ukipitiwa na usingizi unaupoteza. Tulipoufikia, kila aliyewahi kupanga mstari wa mgao alicheka, na kicheko hakikuwa cha furaha.

Katikati ya hotuba na orodha ile kuna tukio la Cinna, na hapo ndipo nilipotaka kurudisha sehemu yangu. Cinna ni mshairi. Hajaua mtu. Anatembea barabarani, umati unamkamata na kumuuliza jina, anakokwenda, anakoishi. Anasema anaitwa Cinna. Kati ya wauaji wa Kaizari yuko mwingine mwenye jina hilo. Anawaeleza kwamba yeye ni Cinna mshairi. Wanamrarua hata hivyo, kwa jina tu. Tulikuwa kumi na moja siku hiyo. Nadhani saba kati yetu tumewahi kuulizwa jina namna ile, kizuizini, na watu wenye mapanga. Hakuna aliyehitaji maelezo ya mwalimu.

Lakini mimi sikuwa nafikiria kizuizi. Nilikuwa nafikiria daftari.

Mwezi wa sita mwaka 2022, M23 walipoiteka Bunagana, mpakani na Uganda, watu walivuka kwa maelfu, na simu zetu hapa Kampala zikajaa. Nilikuwa katibu wa chama chetu kidogo cha likelemba. Kila wiki tunachanga, kila wiki mmoja anachukua. Kati yetu alikuwamo mama mmoja muuza vitenge, mpole, hajawahi kuchelewa mchango hata siku moja. Uso wake na jina lake vilikuwa vya wale ambao kwetu huambiwa warudi kwao, hata kama babu zao wamezikwa Kongo. Nikaanza kupokea ujumbe kwenye WhatsApp: huyu anatuma pesa kwa waasi, huyu ni jicho lao, mtoeni. Ulinijia kutoka kwa watu watano, usiku mmoja. Nikajiambia: watano! Basi chama kizima kimesema.

Jumapili tukakutana. Mwenyekiti, mtu mzuri, mzee wa kanisa, alisema yeye binafsi hana ubaya na mama huyu, ila kiongozi hawezi kwenda kinyume na watu wake. Akaomba mikono. Mikono ikainuka. Niliangalia huku na huku, na wangu ukainuka. Nikaandika katika daftari: imekubaliwa kwa kauli moja. Mama hakupiga kelele. Aliomba michango yake, tukamhesabia. Alipofika kwenye meza yangu akaangalia daftari, akasema:

"Katibu, jina yangu haiandikwake hivyo. Andika muzuri. Siku moja batauliza ni nani mulifukuza."

Nilikuwa nimeliandika jina lake kwa kosa. Nililirekebisha kwa kalamu, nikiona aibu kidogo, aibu ya mwandiko tu.

Siku tuliyosoma zile barua za dirishani, nilirudi nyumbani nikafungua simu yangu ya zamani. Ujumbe wa watu watano bado ulikuwamo. Katika kila mmoja, jina la yule mama lilikuwa na kosa lilelile, herufi ileile mahali palepale. Watu watano hawakosei namna moja. Aliandika mmoja, wengine wakasukuma mbele. Na mimi katibu, mtu wa daftari, nilinakili hata kosa lake. Hiyo ndiyo sauti ya watu niliyoitii.

Ndiyo maana nasema sitaki tena kusikia kwamba mchezo huu unahusu wajinga wengi na mwenye akili mmoja. Unahusu watu wachache wenye kalamu, na jinsi sisi wengine tunavyokuwa karatasi yao.

Je, kuna kiongozi aliyewahi kukataa? Wapo, na wawili wana alama zao hapahapa Kampala. Mmoja ni mfasiri mwenyewe, aliyesoma ualimu Makerere katika miaka ya 1940. Oktoba 1961, wiki chache kabla ya uhuru wa Tanganyika, wabunge wa chama chake mwenyewe walitaka uraia utolewe kwa kuangalia rangi. Huko nje wazo hilo lilikuwa tamu, na ungedhani mwanasiasa anayengoja uhuru angekaa kimya. Nyerere alisema waziwazi kwamba uraia ni uaminifu kwa nchi, si ngozi, na kwamba muswada ukiangushwa serikali yake itajiuzulu. Ukapita. Miaka 11 baadaye, Idi Amin alipowapa Waasia siku 90 waondoke Uganda na wengi mitaani wakashangilia, Nyerere alisema huo ni ubaguzi wa rangi. Mwaka 1983 alipewa tuzo ya Nansen kwa yale aliyowafanyia wakimbizi. Sisi tunaosoma tafsiri yake tukiwa wakimbizi, hilo tusilipite haraka.

Wa pili ni Benedicto Kiwanuka. Mwaka 1961 Mengo iliwaambia Waganda wasusie uchaguzi. Yeye ni Muganda, na hakususia. Chama chake, DP, kikashinda na yeye akawa Waziri Kiongozi, lakini nyumbani kwake Buganda wengi walimwona msaliti, na uchaguzi wa 1962 ulimwondoa. Amin alimfanya Jaji Mkuu mwaka 1971. Mwaka uliofuata, huku mji ukishangilia kufukuzwa kwa Waasia, mahakama yake iliamuru aachiliwe Mwingereza mmoja mfanyabiashara aliyekuwa amezuiliwa na wanajeshi kinyume cha sheria. Ni nani hapa mjini angemtetea Mwingereza siku zile? Tarehe 21 Septemba 1972 watu wenye silaha walimtoa Mahakama Kuu, mchana kweupe, na mwili wake haujapatikana hadi leo. Ukipanda boda kupita lile jengo, kumbuka.

Lakini sitaki kumaliza kwa kusifu mashujaa, maana mchezo wenyewe haukubali. Dhamiri safi nayo inaua. Brutus anamuua Kaizari kwa jambo ambalo Kaizari bado hajalitenda, kwa kukadiria tu kwamba akivikwa taji huenda akabadilika. Na baadaye, vitani, anagombana na Cassius: anamkaripia kwa kuwakingia kifua wala rushwa, na papo hapo anamlaumu kwa kutompa pesa za kulipa askari, kwa kuwa yeye Brutus hawezi kuzitafuta kwa njia chafu. Anataka pesa, asichotaka ni tope mkononi mwake. Tulipoisoma sehemu hiyo, kijana mmoja aliyewahi kufanya kazi ya ukarani katika shirika alisema kwamba huyo bosi anamjua.

Mfasiri naye ana upande huo. Vijiji vya Ujamaa vilipoanza, Mwalimu aliandika kwamba watu wajiunge kwa hiari. Mwaka 1973 hiari ikaisha, ikawa amri, na kufikia 1976 mamilioni walikuwa wamehamishwa, mahali pengine nyumba zao zikichomwa nyuma yao wasirudi. Aliamini kwa moyo mweupe kwamba ni kwa faida yao. Sidhani alikuwa mwongo. Lakini mimi nimewahi kuhamishwa, na nawaambia: anayehamishwa haoni moyo wa anayemhamisha, anaona lori. Hapo Mwalimu alikuwa Brutus, alihutubia akaondoka kabla ya maswali.

Ila mwishoni mwa safari yake kuna jambo linalonifanya nimrudie. Mwaka 1991 Tanzania iliunda tume chini ya Jaji Mkuu Francis Nyalali kuwauliza wananchi: chama kimoja au vingi? Karibu watu 77 katika kila mia walisema kimoja. Wapatao 21 walisema vingi. Tume ikapendekeza vingi, Nyerere, baba wa chama kimoja, akaunga mkono, na mwaka 1992 sheria ikabadilishwa. Kikundi chetu kilibishana hapo hadi giza likaingia. Mzee mmoja alisema huo ni wizi wa kura, mchana. Mama wa sambusa akajibu: "Papa, mtu uliyemlisha ugali tu tangu mwaka 1965, ukimuuliza anataka nini, atasema ugali." Mimi niko upande wa mama, lakini si kwa sababu wengi walikosea. Kuruhusu vyama vingi hakukuwanyang'anya wale 77 chama chao. Walibaki nacho, na wakakipigia kura mwaka 1995. Kuvikataza kungewafunga mdomo wale 21. Hapo ndipo naona kipimo ambacho Brutus hakuwa nacho: kabla ya kufuata wengi, au kuwapinga, uliza ni nani atakayeumia na kama bado ataweza kusema. Maiti haiwezi kujibu hotuba. Aliyetolewa chumbani hawezi kuinua mkono.

Kitabu kina kasoro zake. Wanawake ni wawili tu, na Portia, mke wa Brutus, aliyeona wazi kwamba mumewe anasumbuliwa na jambo zito, anatoweka hadi tuambiwe amekufa. Mama zetu walilalamika, na ni haki yao. Kiswahili chake pia kinahitaji msomaji mmoja mwenye subira na kamusi. Lakini ukisome kwa sauti, na watu, mahali ambapo mmoja wenu anaweza kusema "ngoja, sijaelewa". Ukikisoma peke yako utajiona wewe ndiye Brutus. Ukikisoma na wengine utakumbuka kwamba siku nyingi umekuwa mtu wa tatu kutoka kushoto katika umati.

Kuhusu daftari: katika mkutano wa mwezi uliopita niliomba tufungue ukurasa ule. Nikasema neno "kauli moja" si kweli, kwa sababu katibu aliinua mkono na moyo wake haukuinuka, na nikauliza kama kuna mwingine. Mwenyekiti aliangalia chini. Watu watatu walisema hata wao. Tukaandika hivyo pembeni, kwa tarehe, na jina la mama tukaliandika tena kwa unadhifu. Nilikwenda kumtafuta kule alikokuwa akiuza vitenge. Kibanda chake sasa kina mtu mwingine anayetengeneza simu. Aliniambia mama huyo alihama, hakusema wapi.

Kitabu kiko kwangu. Anayekitaka aje Jumamosi, saa nane. Na tunatafuta mtu wa kusoma Cinna. Kila aliyepewa amekirudisha.